Bibi Afya wa Karatasi za Harufu

Bibi Afya wa kwetu alikuwa ananukia kupita kiasi. Naanza na hilo makusudi, kwa sababu watu wamelisema sana na wamelisema vibaya, na mie nikisikia mtu analisema vibaya nashindwa kukaa kimya. Kuna siku niligombana na mtu mzima kwenye foleni ya bomba kwa ajili ya hilo tu. Alisema, "Yule mama anajipaka mafuta ya halud mpaka nzi wanaanguka." Nikamwambia angejua sababu asingefungua mdomo. Hakuuliza sababu. Watu hawaulizagi.

Sababu nitaisema, ila siyo sasa hivi. Kwanza nataka mumwone.

Alikuwa mwanamke mrefu, anatembea katikati ya njia kama njia imetengenezwa kwa ajili yake, na baiskeli ndizo zinazompisha. Juu gauni la ofisi limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, chini raba buti nyeusi za kufika magotini. Viatu vyake vya heshima alikuwa anavibeba kwenye mfuko wa rambo. Mkono wa pili kikapu cha ukili, na humo ndimo mlimokuwa na kazi yake yote: makopo ya maziwa ya unga yaliyotobolewa matundu, kibanio, na chupa ya rangi ya kahawia iliyofungwa kitambaa shingoni. Jina lake nalijua. Silitaji, kwa sababu mwenyewe alikuwa anasema jina ni la nyumbani, kazini yeye ni Bibi Afya, na sie tulimjulia kazini.

Mtaa wetu uko bondeni, upande wa Temeke, nyumba zimebanana ukikohoa jirani anakwambia pole. Chini kabisa ya bonde kuna mabwawa ya maji taka. Maji machafu yanakuja kwa bomba kutoka mjini, yanaingia bwawa la kwanza, yanahamia la pili, jua na mwani vinafanya kazi yake, yakifika la mwisho yanatoka kuelekea mtoni yakiwa na nafuu. Kazi ya Bibi Afya ilikuwa kupima harufu ya mabwawa inafika wapi na inafika na nguvu gani. Siku ya kwanza alipoeleza hivyo barazani kwa Mzee Mjumbe, watu walicheka mpaka wakakaa chini.

"Serikali imekosa vya kupima," alisema Mama Zaituni, muuza chapati. "Kesho watakuja kupima usingizi."

Bibi Afya hakucheka wala hakukasirika. Alisema, "Wewe leo kunanukaje hapa kwako?"

"Kunanuka kama kawaida."

"Na kawaida ikoje?"

Mama Zaituni akafikiri. "Siisikii tena," alisema.

"Basi. Pua ni shahidi anayechoka haraka. Ndiyo maana nimekuja na shahidi mwingine."

Huyo shahidi mwingine alikuwa kipande cha karatasi nyeupe, ukubwa wa kidole. Alikuwa anakichovya kwenye dawa inayotokana na madini ya risasi, anakikausha, anakihifadhi gizani ndani ya ile chupa. Anakitoa kwa kibanio, mkono haugusi, anakining'iniza ndani ya kopo lenye matundu, na kopo linatundikwa barazani chini ya paa, mbali na jiko, mbali na choo. Ile hewa ya mabwawa inayonuka mayai viza ikipita pale, karatasi inabadilika rangi. Hewa kidogo, rangi kidogo. Hewa nyingi, inakuwa nyeusi kabisa. Kwa kuwa watu wa kwetu hawakuwa na habari na majina ya kitaalamu, aliwatengenezea majina ya jikoni: nyeupe, chai ya maziwa, chai ya rangi, kahawa, mkaa. Haikuchukua muda mtaa mzima ukawa unaongea hivyo. Asubuhi mtu anafungua dirisha, jirani anamwuliza, "Leo nini?" Anajibiwa, "Kahawa, dada, funga tu." Mpaka watu waliokuwa wamenuniana walikuwa wanaulizana leo nini.

Mie alinikuta kwenye kibanda changu cha redio, nikiwa katikati ya ugomvi. Ufundi nimejifunza mwenyewe, kwa kuharibu redio ya mjomba na kupigwa na kuiharibu tena mpaka ikaimba. Sina cheti, nina mdomo. Siku hiyo mteja alikuwa ananiita mwizi, kwamba redio ninayotengeneza haimalizi mwezi. Na mie nilikuwa namjibu kwa sauti ambayo hata mabwawa yaliisikia. Ukweli ni kwamba nilikuwa nachanganyikiwa. Swichi nazisafisha kwa msasa mpaka shaba inang'aa, siku chache tu shaba ile ile nyeusi tii, redio inakwaruza. Bibi Afya akasimama pembeni akasikiliza matusi yote. Halafu akanyoosha mkono, akaichukua ile swichi, akaiangalia.

"Fundi huyu hajakuibia," alimwambia mteja. "Shaba yake inaliwa na hewa ile ile unayoivuta wewe." Akanigeukia. "Na wewe Mdomo, ungemwonyesha hii badala ya kumtukania mama yake."

Jina la Mdomo lilianzia hapo, na kopo lake la kwanza alilitundika kwenye kibanda changu. Tangu siku hiyo ukimsema vibaya nakuwa na ishu na wewe.

Siwezi kudanganya kwamba alikuwa mtu mwepesi. Alikuwa mkali, na ukali wake ulikuwa wa kuaibisha. Alifunua kila ndoo.

"Hii ni ya nini?"

"Ya maji ya kunywa, mama," anajibu Mama Zaituni.

"Na huyu mende ni wa nini?"

Lakini huyo huyo Bibi Afya, akishamaliza kumfokea Mama Zaituni, alikuwa anakaa kwenye benchi lake na kula chapati zake, wala kwingine hali kitu. Na kabla ya kula alikuwa na vituko. Anaishika chapati anauliza, "Haijaungua?" wakati iko mbele ya macho yake. Akipewa maziwa, anampa kwanza yeyote aliye karibu: "Onja." Mpaka mtu aonje na aseme ni mazima ndipo anakunywa. Tulikuwa tunasema anajifanya sultani, anataka waonjaji. Kitu kingine, alikuwa mtu wa kanisani, Jumapili hakosi, lakini nyumbani kwake anafukiza udi asubuhi na jioni kama kuna bibi harusi ndani. "Mlokole gani anafukiza udi?" Mama Zaituni alikuwa anamchokoza. Anajibu, "Mungu hajanikataza kunukia." Na hapo kicheko kinaisha, kwa sababu hachekagi.

Kulikuwa na mashine pia. Wageni wa mradi fulani walimletea kidude cha rangi ya manjano, kina kioo cha namba na tundu mbele linalovuta hewa. Ndani ya tundu kuna kitu kinachoihisi ile hewa kwa kemikali, halafu namba zinapanda. Tulikipenda sana, kilikuwa kinalia. Watoto walikuwa wanakifuata nyuma kama msafara. Wageni wakarudi kwao, na kikafika wakati namba zikawa hazipandi, hata ukikiweka mdomoni mwa bwawa la kwanza. Aliniletea nikifungue.

"Usikifungue kwa hasira," alisema.

Nilikifungua kwa adabu zote. Waya wazima, betri nzima. Kile cha kuhisi ndicho kilichokufa, kimekauka kama ulimi wa mgonjwa, na kingine hakipatikani Kariakoo wala popote, labda huko kilikotoka. Nilimwambia, "Mama, kina kila kitu isipokuwa pua."

Alikibonyeza, kioo kikawaka. Halafu akasema, "Na bado kinawaka."

"Kinawaka, ila kinasema hakuna kitu. Bora kingezima."

"Ndiyo," alisema. "Bora kingezima." Akakifunga kwenye kanga, akarudi kwenye karatasi zake.

Sasa kiwanda. Kulikuwa na kiwanda cha ngozi upande wa pili wa bonde, kilikuwa cha umma, kikafa. Ilipokuja ile miaka ya ruksa, kila kitu kinauzwa, kikanunuliwa na mtu binafsi na kikafufuka. Tulifurahi. Vijana wa kwetu walipata vibarua. Lakini kiwanda kikaunganisha bomba lake kwenye bwawa la kwanza, na maji ya kulainishia ngozi si maji ambayo mabwawa yalitengenezewa. Bwawa lilikuwa la kijani, lina bata. Bata wakaondoka. Maji yakawa na wekundu fulani wa kuchukiza, kama zambarau iliyokanyagwa, halafu yakawa meusi. Bangili za shaba za kina mama zikageuka rangi mikononi. Karatasi zikatoka chai ya maziwa zikaingia kahawa. Zaituni, binti wa Mama Zaituni, alikuwa anaumwa kichwa na kutapika kila asubuhi, mama yake akampeleka akakae kwa shangazi yake Ukonga, na yule mama alivyokuwa anampenda mwanawe, zile chapati alikuwa anazikanda huku analia.

Mtaa ukawa na ombi moja tu: bomba la kiwanda litolewe kwenye mabwawa. Meneja wa kiwanda alikuwa anajibu jambo moja tu: harufu ni ya vyoo vyenu. Bibi Afya akasema ofisi ya mjini imekubali kutuma bwana mkubwa, na akija atahukumu kwa karatasi. Kwa hiyo akatundika makopo kila nyumba ya bondeni, na mengine mtaa wa juu kule mlimani, ili ionekane harufu inaanzia wapi na inaishia wapi.

Na hapa ndipo watu wa kwetu walipofanya jambo ambalo ni watu wa kwetu tu wangelifanya, na walilifanya kwa upendo. Mzee Mjumbe aliita kikao cha kimya kimya, mie hawakuniita kwa sababu sina siri. Akawaambia, huyu mama anatupigania, karatasi zikitoka kahawa kahawa tutashindwa, bwana mkubwa atasema kahawa si kitu. Tumsaidie. Basi kila nyumba ikalitoa kopo barazani, ikalifunga kamba, ikalishusha kwenye tundu la choo. Mtaa wa juu nao wakasema hatuwezi kuwaacha wenzetu peke yao. Wakashusha yao. Asubuhi ya kukusanya yote yakarudishwa barazani, yamefutwa vizuri, na Mama Zaituni akapika chapati za sherehe.

Bibi Afya akaanza kupita. Kopo la kwanza, mkaa. La pili, mkaa. Watu wanamfuata nyuma, nyuso zimechangamka. Akapanda mpaka mtaa wa juu, ambako siku zote karatasi zilikuwa nyeupe. Mkaa. Akaishika ile karatasi kwa kibanio, akaigeuza kwenye mwanga. Akateremka tena taratibu mpaka barazani kwa Mzee Mjumbe, akakaa, akavua raba buti moja kama mtu aliyechoka sana.

"Mzee wangu," alisema, "mmefanya nini?"

Mzee Mjumbe alikuwa mtu wa heshima, hakuweza kudanganya mara mbili. Akaeleza. Akaeleza kwa fahari kabisa.

Bibi Afya akazipanga zile karatasi moja moja kwenye chupa. "Hizi sizipeleki," alisema.

Mie ndiye niliyelipuka. Mie, mtetezi wake. "Mama, kwani kunanuka au hakunuki?"

"Kunanuka."

"Basi uongo uko wapi? Karatasi imesema kweli, imepita njia nyingine tu."

"Mdomo, kaa."

"Sikai. Bwana mkubwa anakuja, ukimrudisha mikono mitupu atakuja lini tena? Joto linaanza. Unataka tuvute hii hewa kiangazi kizima kwa sababu ya kopo limekaa pabaya? Mama, hapo unakosea, na nakwambia mbele ya watu."

Ndipo Mama Zaituni akasema, na alisema kwa uchungu wa mtoto aliyeko Ukonga, "Muacheni. Yeye jioni anarudi kwake anafukiza udi. Hata pua hana, huyu."

"Sina," alisema Bibi Afya.

Watu walidhani anajibu kwa kejeli. Akarudia.

"Sina pua, Mama Zaituni. Sijasikia harufu tangu nikiwa kijana. Ya bwawa siisikii, ya chapati zako siisikii, ya udi wangu siisikii. Nyie kila mmoja ana pua yake, mkikosea leo kesho mtanusa tena. Mie nina hizi karatasi tu. Mkizifundisha uongo, mmenimaliza."

Ile mashine ya manjano ilinijia kichwani, inavyowaka na kusema hakuna kitu, na nikaona nakosa pa kuweka mikono.

Nilimbebea kikapu mpaka barabarani. Njiani alinieleza bila kuulizwa. Zamani, kazi yake ikiwa changa, walifungua mfuniko wa chemba ya maji taka. Kibarua akashuka. Bibi Afya akainama juu kumwangalia. Mayai viza yakampiga usoni, makali, halafu yakawa kama matamu, halafu hakuna kitu. "Nikasema, afadhali, imeisha." Kumbe haikuwa imeisha. Iliyoisha ni pua. Akamwambia yule kibarua aendelee kushuka, hewa imesafika. Kibarua hakupanda. Bibi Afya walimvuta miguu wakamwokoa.

"Ikinuka usiogope," aliniambia. "Ogopa ikiacha kunuka." Halafu akachukua kikapu chake. "Nilisema hewa safi kwa kuamini pua. Sitasema tena kitu ambacho sijakishika kwa kibanio. Hata kwa ajili yenu."

Nilikuwa bado na hasira, nisifiche. Lakini hasira ile niliwageuzia wale walioshusha makopo, siyo yeye.

Bwana mkubwa wa mjini alikuja, akaambiwa hakuna vipimo, akaondoka. Kiangazi kile kilikuwa kibaya. Watu walikuwa wanakula ndani wamefunga madirisha, jasho linadondoka kwenye sahani. Wateja wa Mama Zaituni walihamia kwa wauzaji wa barabarani. Wengi waliacha kumwamkia Bibi Afya. Anapita na raba buti zake, watoto wanasema shikamoo, wakubwa wanaangalia pembeni. Yeye anasimama kila nyumba: "Hodi. Naomba nitundike." Na cha ajabu, wote walimruhusu. Mama Zaituni alikuwa hamsemeshi kabisa, lakini alimkataza hata paka kupita chini ya lile kopo. Nilimwona akimfukuza mumewe barazani na sigara yake. "Toka hapo, utaniharibia karatasi."

Na zile za chooni, nyeusi, Bibi Afya hakuzitupa. Nilidhani kazihifadhi kwa uchungu. Nilijua maana yake siku bwana mkubwa aliporudi, tukakutana wote kwenye ofisi ya kata, na meneja wa kiwanda akaja na tai yake. Meneja hakuwa mtu mbaya wa kuongea. Alisema kwa upole kabisa, "Wazee wangu, akina mama, hii harufu ni ya vyoo. Mnachimba vifupi, vimejaa. Mkitupa lawama kiwanda, vijana wenu watakosa kazi." Na watu wengine walianza kutikisa kichwa kukubali, maana ni kweli vyoo vyetu vilikuwa vimejaa.

Bibi Afya akapanga karatasi mezani kwa kibanio, mistari mitatu. Akasema, "Hizi nyeusi ni za chooni, za mtaa wa bondeni na mtaa wa juu. Vyoo vyote sawa, mkaa. Hizi ni za barazani mtaa wa juu. Vyoo wanavyo, na baraza zao nyeupe. Hizi ni za barazani bondeni." Kahawa, kahawa, mkaa, kahawa, na kadiri zinavyokwenda mbali na bwawa la kwanza zinafifia mpaka chai ya maziwa. "Harufu ya choo haitoki nje ya choo ikawa nyeusi hivi. Hii imetoka kwingine."

Meneja akauliza, "Nani alizitunza? Tutajuaje hazikuchezewa?"

Mama Zaituni akasimama. "Yangu nimeitunza mie. Na ukitaka uhakika wa ile ya chooni, karibu kwangu ukapime mwenyewe. Ila uvue tai, tundu ni dogo."

Hata bwana mkubwa alicheka. Wakasimama wengine, mmoja mmoja, kila mtu anasema yangu nimeitunza mie. Mzee Mjumbe alisimama wa mwisho, na akaongeza jambo ambalo hakulazimishwa. Alisema, "Zile nyeusi tulizishusha sie wenyewe, kwa ujinga wetu, tukitaka zipite kama za barazani. Huyu mama alizikataa."

Niliogopa hapo. Nilidhani ametuharibia. Lakini bwana mkubwa aliziangalia tena karatasi, halafu akamwangalia Bibi Afya, na hakuuliza kitu kingine. Bomba la kiwanda likaamriwa kuzibwa mpaka wachimbe bwawa lao wenyewe. Lilizibwa mvua zilipoanza. Maji yalichukua muda kurudi kijani, na bata walichukua muda zaidi. Zaituni alirudi kwao na sanduku lake la bati. Siku hiyo Mama Zaituni alipeleka chapati mpaka mabwawani, alikokuwa Bibi Afya, na kabla hajaulizwa akasema, "Hazijaungua, nimenusa." Hawakuombana msamaha. Walikaa ukingoni wakala.

Bibi Afya alistaafu akahamia Goba, kwenye kiwanja alichokinunua wakati Goba ilikuwa pori la mikorosho na mtu akikwambia amenunua Goba unampa pole. Sikumwona muda mrefu. Mwaka jana nikasikia redio yake imeharibika na hataki fundi mwingine, nikafunga vifaa vyangu nikaenda.

Nilimkuta mlimani, kwenye nyumba ambayo nusu ina plasta na nusu bado tofali. Upepo mzuri, unaona miti mpaka bondeni. Chini ya paa la baraza kuna kopo la maziwa lenye matundu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Mdomo. Umenenepa."

"Kopo la nini huku? Huku kuna nini cha kupima?"

"Mazoea," alisema. Nilichungulia. Karatasi nyeupe.

Nilitengeneza redio. Shaba yake ilikuwa inang'aa, ulikuwa waya tu umekatika. Ikaimba, akaizima. Halud yake ilikuwa imenijaa kooni tangu mlangoni. Aliweka mikono magotini, na nikaona kuna kitu anakitafutia njia.

"Nina swali," alisema. "Majirani hawawezi kunijibu. Wananiheshimu. Heshima inaziba pua."

"Uliza, mama."

"Mtu mzima akikaa peke yake anaweza kuharibika asijue. Naoga asubuhi, naoga jioni. Najipaka, nafukiza. Lakini sijui, Mdomo. Miaka yote nasimama karibu na watu na sijui. Mtu akirudi nyuma hatua moja nalala nawaza." Alikuwa haniangalii. "Wewe uliniambia mbele ya mtaa mzima kwamba nakosea. Hukunionea haya. Basi pita nyumba yangu yote, halafu uje kwangu. Leo nini?"

Sikuwa na utani wowote mdomoni. Nilisimama nikapita sebuleni, nikapita jikoni, nikaingia chumbani kwa mama mtu mzima, jambo ambalo kwa kawaida ningekufa kwanza. Nilinusa godoro. Nilinusa kona. Nikarudi, nikainama karibu na bega lake, karibu na kilemba, nikafumba macho, nikasubiri ile halud ipite kwanza ili nimsikie yeye.

"Sebuleni nyeupe," nilisema. "Chumbani, kona ya dirisha, paa linavuja, godoro limepata unyevu upande huo. Chai ya maziwa. Nitakuja kuziba. Jikoni maharage yameanza kushika chini, chai ya rangi, yaepue. Na halud imezidi, mama. Punguza. Watu wakirudi nyuma ni hiyo."

"Na mie?"

"Nyeupe."

"Usinisitiri."

"Sikusitiri. Nimekwambia godoro."

Aliniangalia usoni, muda mrefu, vile vile alivyokuwa anaigeuza karatasi kwenye mwanga kuona kama kuna mtu ameishika. Halafu akasema, "Haya," akainuka akaenda kuepua maharage.